Daftari la Habari za Siku Moja

Mwenye shamba la minazi hapa Mwera hapeleki nazi zake sokoni bila kuzihesabu. Huziangua, huzikusanya mafungu mafungu, akajua ni ngapi za kuuza na ni ngapi za kupikia nyumbani. Mvuvi wa Kipumbwi au wa Ushongo naye, arudipo pwani na ngalawa yake, ajua amepata nini na amepoteza nini. Mwenye duka huandika katika daftari jina la kila mtu aliyekopa sukari au chumvi. Watu hawa wote hulifuata neno la wazee wetu: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini iko mali moja ambayo wengi wetu hatuihesabu kabisa, nayo ni wakati. Tena katika wakati wetu iko sehemu ipoteayo upesi kuliko zote, yaani ule tuutumiao kusikiliza redio, kutazama televisheni, kusoma magazeti na vitabu, na kushika simu. Vitu hivi twaviita vyombo vya habari. Katika somo hili tutajifunza namna ya kuvifanyia daftari kwa siku moja, tangu kuamka hata kulala. Kazi yenyewe si kubwa. Yataka penseli, karatasi moja, na ukweli.

1. Jinsi vyombo vya habari vilivyofika kwetu

Zamani habari zilikuja kwa mdomo na kwa mbiu. Mbiu ni pembe ya mnyama, nayo ilipopulizwa watu waliacha majembe yao, wakakusanyika kusikiliza. Ndiyo maana twasema hata leo, Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Haikulia kutwa kucha. Ililia siku ya haja tu, na kila aliyeisikia alijua kwamba neno kubwa limetokea. Hakuna aliyehitaji kuandika ni mara ngapi aliisikia.

Baadaye yakaja magazeti. Mwaka 1888 gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi lilianza kutoka Kiungani, Unguja. Kabla ya karne ile kwisha, Magila katika nchi ya Bondei walikuwa na gazeti lao, Habari za Mwezi. Mwaka 1904 shule ya serikali ya Wadachi mjini Tanga ilianza kupiga chapa gazeti la Kiongozi, na mwezi wa Januari 1923 Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam. Magazeti hayo yalikuwa machache, na waliojua kusoma walikuwa wachache vilevile. Basi mmoja alisoma kwa sauti, na wengine waliketi kumsikiliza. Gazeti la mwezi mmoja lilitosha mwezi mzima.

Kisha ikaja redio. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951. Televisheni ilianza Unguja katika miaka ya 1970, lakini huku bara ilichelewa sana, ikaanza mwaka 1994. Katika miaka hiyo ya 1990 zikaingia pia simu za mkononi. Leo wilaya yetu ya Pangani ina redio yake yenyewe, Pangani FM, na katika nyumba nyingi simu moja yafanya kazi ya barua, gazeti, redio, televisheni na saa.

Tazama tofauti. Mbiu ililia mara moja kwa miezi mingi. Gazeti lilikuja mara moja kwa mwezi. Redio yalia kutwa. Simu yaweza kuita hata usiku wa manane. Zamani habari zilikuwa chache, na mtu alizitafuta. Siku hizi habari ni nyingi, nazo zamtafuta mtu. Kwa hiyo yule wa zamani hakuhitaji daftari, lakini sisi twalihitaji.

2. Watu waliohesabu siku zao

Usidhani ya kuwa kazi hii ni mchezo wa watoto. Watu wenye elimu kubwa wameifanya, na hata serikali zimeifanya.

Benjamin Franklin wa Marekani, aliyeishi katika karne ya 18, alikuwa na kitabu kidogo ambamo aliandika mwenendo wake wa kila siku, akatia alama kila mahali alipokosea. Mrusi mmoja, Alexander Lyubishchev, mwanachuoni wa elimu ya wadudu, alianza mwaka 1916 kuandika jinsi alivyoutumia wakati wake, akaendelea hata alipokufa mwaka 1972. Hiyo ni miaka 56.

Mwaka 1937 watu fulani wa Uingereza walikubaliana waandike mambo yote waliyoyafanya na kuyaona kwa siku moja, tarehe 12 Mei. Siku hiyo mfalme wao George wa Sita alitawazwa. Hawakuandika habari za mfalme tu. Waliandika walivyoamka, walichokula, walichosikia katika redio, na maneno waliyoyasema jirani zao. Hata leo wataalamu huyasoma maandiko yao ili kujua maisha ya watu wa kawaida yalivyokuwa.

Katika miaka ya 1960 wataalamu wa nchi 12 waliungana kuchunguza jinsi watu wa kila nchi walivyozigawa saa za siku. Na sisi Tanzania hatukubaki nyuma. Mwaka 2006, na tena mwaka 2014, Ofisi ya Taifa ya Takwimu iliwauliza watu wa nyumba zilizochaguliwa jinsi walivyozitumia saa 24 za siku, kazi kwa kazi. Hesabu zilipokusanywa zilionyesha wazi kwamba wanawake hutumia saa nyingi kuliko wanaume katika kazi za nyumbani zisizo na mshahara, kama kupika na kulea watoto. Jambo hili lilikuwa mbele ya macho ya watu wote siku zote, lakini wengi hawakuliona mpaka lilipoandikwa kwa tarakimu.

Hiyo ndiyo faida ya daftari. Halileti jambo jipya. Lafunua jambo lililokuwapo.

3. Namna ya kulifanya daftari

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Fuata mambo haya saba kwa utaratibu.

Kwanza, kabla ya siku kuanza, kisia. Andika juu ya karatasi: "Nadhani kesho nitatumia saa kadha wa kadha kwa vyombo vya habari." Usiibadilishe hesabu hiyo baadaye. Ina kazi yake mwisho.

Pili, chora mistari ya kuigawa karatasi yako mafungu matano. Fungu la kwanza ni la saa ya kuanza na ya kuacha. La pili ni la chombo: redio, televisheni, simu, gazeti au kitabu. La tatu ni la kile ulichokisikia au kukiona. La nne ni la kazi nyingine uliyokuwa ukiifanya wakati uleule. La tano ni la neno moja tu: "nilichagua" au "kilinikuta". Maana redio ya jirani, ipigwayo mpaka ukaisikia kitandani, hukuichagua wewe, ilikukuta.

Tatu, andika papo hapo. Usingoje jioni, kwa kuwa mtu hukumbuka mambo makubwa na kuyasahau madogo. Tena mambo madogo ndiyo mengi. Dakika tano mara kumi ni karibu saa nzima, lakini jioni mtu atasema, "Leo sikushika simu, ila kidogo tu."

Nne, jihadhari na saa. Sisi twahesabu saa tangu kucha na tangu kuchwa, lakini simu huhesabu tangu katikati ya usiku. Ukiona katika simu tarakimu iliyozidi 6 lakini haikuzidi 18, ondoa 6: 07:00 ni saa moja asubuhi, na 13:00 ni saa saba mchana. Ukiona iliyozidi 18, ondoa 18: 20:00 ni saa mbili usiku. Ukiona 6 au iliyo chini yake, ongeza 6: 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri. Chagua njia moja, uifuate kutwa, usije ukazichanganya. Ikiwa huna saa, iko kengele ya shule, na redio hutangaza saa mara kwa mara.

Tano, mambo mengine hayapimiki kwa dakika. Umepishana na mama njiani, ukasoma jina la kanga yake. Umepita dukani, ukasoma tangazo lililobandikwa ukutani. Gari limepita na kipaza sauti likitangaza mkutano. Hayo yote ni habari. Usihangaike kuyapima, tia alama ndogo pembeni kwa kila moja, ukazihesabu alama usiku. Huenda ukastaajabu kuona umesoma mara ngapi bila kukusudia kusoma.

Sita, linda siri za watu. Ukimsomea bibi yako ujumbe katika simu yake, andika tu, "Nilimsomea bibi ujumbe, dakika 5." Yaliyomo ni mali ya bibi, si mali ya daftari lako. Mtu akilichukua daftari lako akalisoma, asipate humo aibu ya mtu mwingine.

Saba, sema kweli. Daftari hili si mtihani. Mwalimu hatatoa alama nyingi kwa aliyeandika saa chache, wala hatamwadhibu aliyeandika saa nyingi. Anayeliandika kwa uongo amdanganya nani? Ni kama mwenye duka aandikaye katika daftari fedha ambazo hazimo sandukuni. Daftari litampendeza, lakini mwisho wa mwezi atapata hasara yake palepale.

4. Mfano wa daftari

Tuseme mtoto fulani wa Darasa la Sita ameifanya kazi hii siku ya shule. Hana simu yake mwenyewe, na nyumbani kwao hakuna televisheni. Usiku uliotangulia alikisia kuwa atatumia saa 2. Daftari lake ni hili:

Saa 12.00 hadi 12.30 asubuhi: redio, nyimbo na matangazo, nilikuwa nikifagia uwanja, ilinikuta. Dakika 30.

Saa 12.40 hadi 12.45 asubuhi: simu, nilimsomea bibi ujumbe, sikuwa na kazi nyingine, nilichagua. Dakika 5.

Saa 4.10 hadi 4.25 asubuhi: kitabu cha hadithi, wakati wa mapumziko, sikuwa na kazi nyingine, nilichagua. Dakika 15.

Saa 8.30 hadi 9.30 alasiri: redio, nyimbo, nilikuwa nikiosha vyombo na kukuna nazi, ilinikuta. Dakika 60.

Saa 9.40 hadi 9.50 alasiri: kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi, habari za mkonge, nilikuwa nikila, nilichagua. Dakika 10.

Saa 10.15 hadi 11.30 jioni: televisheni kwa jirani, mpira, sikuwa na kazi nyingine, nilichagua. Dakika 75.

Saa 1.00 hadi 1.55 usiku: simu ya kaka, picha fupi za kuchekesha, sikuwa na kazi nyingine, nilichagua. Dakika 55.

Saa 2.00 hadi 2.20 usiku: redio, taarifa ya habari pamoja na baba, sikuwa na kazi nyingine, nilichagua. Dakika 20.

Pembeni mwa karatasi zimo alama 6: kanga tatu, matangazo mawili ya ukutani, na gari moja la kipaza sauti.

Vitabu alivyovisoma darasani hakuvihesabu, kwa kuwa hiyo ni kazi ya shule, nayo ina daftari lake.

5. Kuisoma hesabu

Ukijumlisha dakika zote utapata 270, yaani saa 4 na dakika 30. Mtoto alikisia saa 2. Basi makisio yalipungua kwa saa 2 na dakika 30. Kosa hili si lake peke yake. Aliyekisia alizikumbuka zile saa alizoketi kutazama mpira. Redio ya asubuhi na ya alasiri hakuikumbuka, maana masikio yake yalikuwa yamezoea.

Sasa gawa hesabu hiyo kwa vyombo. Redio ni dakika 110, televisheni 75, simu 60, gazeti na kitabu pamoja 25. Mtu angemwuliza mtoto huyu ni chombo gani alichokitumia zaidi, yamkini angejibu televisheni. Kumbe ni redio.

Lakini usiishie hapo, maana dakika si sawa zote. Katika zile 110 za redio, 90 zilikwenda pamoja na kazi: alifagia, aliosha vyombo, alikuna nazi. Kazi ilifanyika, na nyimbo zilimfurahisha. Wakati huo haukupotea. Hizo ni mbali na dakika 55 za simu usiku, ambazo hazikwenda pamoja na kazi yo yote.

Gawa tena mara ya tatu, ukifuata faida. Ujumbe wa bibi, kitabu, gazeti na taarifa ya habari vilimjulisha jambo. Jumla yake ni dakika 50. Mpira na picha za kuchekesha vilimburudisha. Jumla yake ni dakika 130. Redio ya wakati wa kazi ni dakika 90. Ukijumlisha 50, 130 na 90 utapata tena 270, na hivyo wajua kwamba hukukosea hesabu.

Burudani si kosa. Mtoto asiyecheza wala kucheka huwa kama mti uliokosa mvua. Hata hivyo kila mmoja na ajiulize kama vipimo vyake vyampendeza. Dakika 55 kila usiku, kwa siku 30, ni dakika 1,650, yaani saa 27 na nusu. Hiyo ni zaidi ya siku nzima, mchana na usiku, katika kila mwezi. Kwa upande wa pili, mtoto asomaye kurasa 10 kwa dakika 25 atamaliza kitabu cha kurasa 100 kwa siku 10, na kwa mwezi atamaliza vitabu vitatu. Hapa hapana mtu wa kumwamuru. Hesabu imewekwa mbele yake, naye ataamua.

Simu nyingi za siku hizi, tangu mwaka 2018 hivi, zaweza kujihesabia zenyewe dakika zilizotumiwa. Hesabu hiyo yasaidia, lakini haitoshi. Simu haijui kama aliyeishika ni kaka au ni mdogo wake. Haijui redio iliyokuwa ikilia jikoni. Wala haijui kama uliyoyatazama yalikufaa au yalikuchosha. Hayo wayajua wewe peke yako.

6. Kusikia si kusikiliza

Liko jambo lililo kubwa kuliko hesabu ya dakika. Ni kujua tofauti ya kusikia na kusikiliza. Mtu aweza kuisikia redio saa kumi bila kulishika neno moja.

Mwaka 1973 serikali ya Tanzania ilifanya kampeni ya elimu iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima kama milioni 2 waligawanywa katika vikundi vya masomo, kama 75,000 nchi nzima. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi na vitabu. Walikutana kwa majuma kadhaa, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma habari za malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu, kisha wakajadiliana: Je, ugonjwa huu uko kwetu? Tufanye nini? Baada ya kujadiliana walishika majembe, wakachimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Angalia: muda wa redio ulikuwa mfupi, lakini kila neno lilisikilizwa, likafuatwa na kazi. Kama wangeweka daftari kama letu, lingeonyesha dakika chache na faida kubwa.

Tazama na mfano wa pili. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu mingi mno na kuvunja vyombo bandarini. Wakati huo haikuwako redio wala ofisi ya kuwaonya watu. Upepo wenyewe ndio uliokuwa habari. Lakini mwezi wa Mei 2024, kimbunga kilichoitwa Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa maonyo siku kadhaa kabla. Maonyo yalisomwa katika redio na televisheni, yakaenea katika simu, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Tarehe 4 Mei kimbunga kilifika kisiwa cha Mafia.

Sasa fikiri juu ya wavuvi wawili siku kama ile. Wa kwanza redio yake yalia tangu asubuhi, lakini ni nyimbo tu. Isomwapo taarifa ya hali ya hewa yeye huhamia stesheni nyingine. Wa pili hufungua redio dakika kumi tu, wakati wa taarifa, akasikiliza kwa makini, kisha akaifunga. Katika daftari wa kwanza ataandika saa nane na wa pili dakika kumi. Lakini ngalawa ya nani itabaki salama ufukoni? Kwa watu wa pwani yetu, wanaoingia baharini wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, swali hili si la darasani tu. Ni la uhai.

Tena si kila neno lililokuja kwa simu ni habari ya kweli. Katika siku za hatari kama zile, mtu mmoja hutuma maneno ya kuogofya asiyojua yalikotoka, na wengine huyatuma mbele bila kuuliza. Kwa hiyo mwenye bidii na aongeze katika daftari lake fungu la sita: "Nani aliyesema?" Kama ni mamlaka inayohusika, andika jina lake. Kama ni mwandishi wa gazeti, andika jina la gazeti. Kama hujui, andika, "Sijui." Ukiona "sijui" nyingi katika karatasi yako, utajua kuwa umepewa maneno mengi yasiyo na mwenyewe, na ya kwanza ya kufanya ni kutoyapeleka kwa mtu mwingine.

7. Siku moja haitoshi

Mkulima hapimi mvua ya mwaka kwa siku moja, na wewe usijihukumu kwa karatasi moja. Siku ya shule si sawa na Jumamosi. Siku ya mchezo mkubwa wa mpira si sawa na siku nyingine. Siku ya msiba nyumba hunyamaza, na siku ya arusi muziki hulia hata alfajiri. Mwezi wa Ramadhani saa za kula na kulala hubadilika, na saa za redio hubadilika nazo. Basi andika siku tatu: mbili za shule na moja ya mapumziko. Kisha ziweke karatasi tatu mezani pamoja, utazame lipi larudi kila siku na lipi lilitokea mara moja tu. Larudilo kila siku ndilo desturi yako.

Ukiisha kuijua desturi yako, badili jambo moja tu, wala usibadili yote kwa pamoja. Mmoja atasema, "Nitaacha simu ya kaka saa moja na nusu usiku." Mwingine atasema, "Kila jioni nitasikiliza taarifa ya hali ya hewa na kumweleza babu aendaye baharini." Mwingine ataona vipimo vyake ni vizuri, asibadili kitu. Baada ya mwezi mmoja andika tena daftari la siku moja, ulilinganishe na lile la kwanza. Hapo utajua kama neno lako ulilitimiza.

Maswali

1. Kwa nini mtu wa siku za mbiu hakuhitaji daftari la habari, nasi twalihitaji?

2. Simu yaonyesha 16:00. Ni saa ngapi kwa hesabu yetu? Na 21:00 je? Na 04:00?

3. Mtoto wa mfano wetu alitumia dakika 75 kwa televisheni. Kama angefanya hivyo siku 4 kwa juma, angetumia saa ngapi?

4. Kwa nini yatupasa kutoandika yaliyomo katika ujumbe wa mtu mwingine?

5. Waulize wazee wawili wa kijijini kwenu: walipokuwa watoto, habari za mbali ziliwafikia kwa njia gani, na baada ya siku ngapi? Andika majibu yao.

6. Fanya daftari lako la siku tatu. Andika makisio yako kwanza, kisha hesabu, kisha neno moja utakalolibadili au utakaloliacha kama lilivyo, na sababu yake.